Dar nje ya Coco Beach na Mlimani City: niwapeleke wapi watoto na bi mkubwa?

Binti_Kimara:
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada wa mawazo. Mwezi wa sita shule zikifunga kaka angu analeta wanae wawili kutoka Songea, wa kike ana miaka 13, wa kiume 9, wanakuja na bibi yao yani mama etu mzazi, watakaa kwangu Kimara karibia likizo yote. Bahari hawajawahi kuiona. Mi Dar nimekaa miaka mingi tu lakini nikianza kufikiria wapi pa kuwatoa naishia Coco, Mlimani City, basi.

Maduka makubwa na bembea za kulipia sitaki, hela inaisha na mtoto hana cha kusimulia. Nataka wauone mji wenyewe, wale vitu vya mji, wakirudi darasani wawe na maneno. Gari sina, ni mwendokasi, daladala na bajaji pale inapobidi. Bajeti ni kama elfu 40 kwa siku kwa watu wanne na chakula humo humo. Bi mkubwa magoti yanamsumbua, kutembea anatembea ila mwendo mrefu na ngazi nyingi hapana. Zile sehemu ambazo hata wakazi wa Dar wengi hawazijui ndo nazitaka zaidi. Karibuni.

Mzee_wa_Kivukoni:
Mdogo wangu una bahati kukaa Kimara, maana mwendokasi inakutoa hapo inakushusha Kivukoni bila kubadilisha gari, na pale unaposhukia ndo penyewe kabisa. Watu wanashuka pale kila siku wanakimbilia pantoni au ofisini hawageuzi hata shingo. Ngoja nikupangie.

Tokeni Jumamosi alfajiri, saa moja muwe mmeshafika Feri kwenye soko la samaki. Saa hizo boti zimerudi, mnada umechangamka, mtoto wa Songea aliyezoea samaki wa Ziwa Nyasa ataona jodari mkubwa kumzidi yeye, samaki anayeitwa taa kalala chini kama mkeka, pweza, ngisi, kamba, changu wa kila rangi, na dalali anapiga bei kwa kasi mpaka mgeni haelewi kauza au bado anauza. Huyo wa miaka 9 hutamtoa pale kirahisi. Wavae viatu vya kufunika maana chini ni maji maji na magamba, simu yako iweke ndani, na bi mkubwa asiingie katikati ya mnada sababu kuna utelezi na vijana wa matenga wakipita hawasimami. Akae upande wa wakaangaji. Nyie mkishanunua samaki wenu mnapeleka kuparuliwa, mnalipia, halafu mnapeleka kukaangwa, mnalipia tena, mnakula wa moto na ndimu na pilipili. Kwa watu wanne hapo hata robo ya bajeti yako haiendi kama hamjaenda kwenye samaki wa kujionyesha.

Mkishiba tembeeni taratibu kuelekea Posta kwa barabara ya ufukweni, bahari iwe kushoto kwenu. Meli zinaingia na kutoka, na mlango wa bandari yetu ni mwembamba sana kwa hiyo meli kubwa inapita karibu yani unaona watu juu wanatembea. Mtafika kanisa la Azania Front, lile lenye mnara na paa jekundu, Wajerumani walilijenga mwishoni mwa karne ya 19. Mkiendelea kuna Mtakatifu Yosefu, ujenzi wake ulianza 1897, ingieni ndani kama hakuna ibada, vioo vya rangi vile watoto watakaa kimya wenyewe bila kuambiwa. Mbele kidogo, karibu na boti za Zanzibar, ndo kuna kitu nnachotaka ukione: Boma la Kale.

Hilo Boma alilijenga Sultani Majid bin Said wa Zanzibar mwaka 1866-67 alipokuwa anataka kuhamishia makao yake huku bara. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene, ukiingia ndani joto la nje unalisahau, na mlango ni wa nakshi ya Kizanzibari. Ndani kuna kituo cha kuhifadhi majengo ya kale ya Dar, wameweka picha na maelezo mji ulivyokuwa mpaka ulivyo leo. Mamia kwa mamia wanapita mlangoni kila siku wakiwahi boti, hawajui kuwa wanapita kwenye nyumba yenye umri mkubwa kuliko karibu kila kitu wanachokiona hapo mjini.

Na hao watoto kwa kuwa wanatoka Songea, Majimaji wanaijua, makumbusho yake iko kwao. Sasa wasimamishe hapo ufukweni uwaambie kwamba amri za kuizima ile vita zilitoka kwenye mji huu huu, kwa gavana wa Kijerumani Götzen, na wanajeshi waliteremkia bandari hii hii wanayoiangalia. Mtoto akiunganisha vitu viwili hivyo hasahau tena.

Makumbusho ya Taifa na Bustani ya Mimea msizitie siku hiyo hiyo, bi mkubwa atachoka. Nitakuja kuandika.

Bishoo_Sinza:
Mzee umemaliza kila kitu. Naongezea moja tu, picha. Maeneo ya Ikulu na bandarini msipige picha kabisa, hata kama ni ya watoto na nyuma kunaonekana geti tu, utachukuliwa simu na maelezo hayataisha. Na Feri ukitaka kumpiga mtu picha muombe kwanza, wale jamaa wako kazini hawapendi.

Me ningesema waende Jumapili, mji uko kimya, hakuna magari, unatembea katikati ya Samora kama ya kwako.

Mzee_wa_Kivukoni:
Jumapili mji ni mtulivu kweli, ila makanisa yana ibada nusu siku nzima huwezi kuingia na watoto kuangalia vioo, na maduka mengi ya mjini yamefungwa. Kwa familia naishikilia Jumamosi asubuhi.

KigamboniYetu:
Dada Binti mbona hujauliza ng'ambo? Mkishakula samaki pale Feri, pantoni iko hatua chache, mtu mzima shilingi 200. Mia mbili! Hakuna matembezi ya baharini ya bei hiyo dunia hii, na kwa mtoto ambaye hajawahi kupanda chombo cha majini ile honi, ule mlango wa chuma unavyoshushwa, magari na watu na baiskeli za mikate vyote vinatoka kwa pamoja, ni tukio la kukumbuka. Msimame juu, upande wa nje, mtaona mji wote wa Posta ukiwa nyuma yenu, maghorofa, na makanisa aliyoyasema mzee.

Mkivuka daladala za Mjimwema ziko palepale. Fukwe zipo nyingi, nyingine ni za watu unalipa kiingilio ambacho wanakikata kwenye chakula, uliza kabisa getini kabla hamjakaa wakikataa nenda ya jirani. Mchanga mweupe, kumetulia siku za katikati ya wiki mpaka unaweza kudhani mmekodi. Mkitaka kwenda mbele zaidi kuna Gezaulole, kijiji cha zamani kabisa, kilikuwa kijiji cha ujamaa enzi za Mwalimu, kuna nazi, miembe, wavuvi, na ukiangalia baharini unaviona visiwa vya Sinda. Jirani na hapo kuna makaburi na magofu ya Mbwamaji, mji wa Waswahili wa kale uliokuwepo kabla Dar haijaitwa Dar. Hakuna duka la zawadi wala mtu wa kukuimbia, ni mawe na mibuyu na upepo. Muulize mwenyeji kwanza, mpite na adabu, ni makaburi ya wazee wa watu.

Jambo moja. Jumapili jioni na sikukuu msirudi kwa pantoni. Foleni ile na watoto na mtu wa magoti, hapana. Rudini kwa daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa 2016, mnatokea Kurasini, mnakatisha. Na daraja lenyewe watoto wataliangalia kwa hamu, mita 680 toka ng'ambo hadi ng'ambo.

Binti_Kimara:
Jamani nimesoma mpaka machozi, sijui hata nusu ya haya na Kivukoni nashuka kila mwisho wa mwezi. Asanteni sana. KigamboniYetu kuogelea vipi hapo, hawa watoto maji wanayoyajua ni ya mtoni. Naogopa.

Nahodha_Mtongani:
Hilo swali la kuogelea niachieni mimi, nimezaliwa Kunduchi na baba alikuwa mvuvi.

Dada, bahari yetu ina ratiba, na watu wa bara wengi wanaenda ufukweni bila kuijua ndo maana wanakuta maji yameenda kilometa huko wanarudi wamenuna, au wanakuta yamejaa yanapiga ukuta. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku hizo na mbili tatu zinazofuata ni bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana, tofauti inapita mita 3. Kwa hapa kwetu siku za bamvua maji yanakuwa yametoka kabisa kwenye saa nne asubuhi hivi, na yanajaa kwenye saa kumi jioni. Kwahiyo wiki hiyo kuogelea ni mchana kuelekea jioni. Asubuhi yake mnaenda kutembea juu ya mwamba, mtaona vidimbwi vina samaki wadogo, kaa, nyota ya bahari, konokono wa kila aina, na akina mama wanachokoa pweza. Wavalishe viatu vya plastiki, kuna vile viumbe vyeusi vya miiba mirefu akivikanyaga likizo imeishia hapo. Na maji yakianza kurudi muondoke, yanarudi kwa haraka kuliko unavyodhani na yanaanza kuwazunguka kwa nyuma.

Wiki nyingine, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, hapo ndo salama zaidi kwa mtoto anayejifunza. Angalia tu mwezi juu, kalenda ya ukutani inatosha. Halafu mwezi wa sita ni kusi, upepo unatoka kusini, mchana bahari inachafuka kidogo nje, ndani ya ghuba hamna shida. Waogelee pale wenyeji wanapoogelea, maji yasipite kiuno cha huyo mdogo, na wewe uwe ndani ya maji pamoja nao, usiwe kwenye mkeka na simu.

Sasa kwetu Kunduchi. Shuka Mtongani barabara ya Bagamoyo, chukua bajaji uwaambie magofu. Kuna msikiti wa kale uliobaki kuta na makaburi ya minara, yale ya zamani kabisa ya Waswahili. Kwenye ile minara utaona vishimo vya mviringo. Vilikuwa vimepachikwa bakuli na sahani za Kichina, kaure halisi, zilizokuja kwa majahazi na biashara ya bahari hii karne nyingi zilizopita. Mnaenda pale asubuhi kuna mibuyu mikubwa, kivuli, ndege, mara nyingi hamtamkuta mtu mwingine zaidi ya mlinzi. Kuna kiingilio kidogo, dai risiti. Mimi nilikuwa nacheza pale utotoni na niliambiwa na wazee tusipande juu ya makaburi na mpaka leo ukiniona pale nitamwambia mwanao vilevile.

Kutoka hapo mnaona kisiwa cha Mbudya. Hicho na Bongoyo na Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari toka 1975, kuvua hairuhusiwi, ndo maana ukiweka uso ndani ya maji kuna samaki wa kila rangi. Boti zinatoka huku Kunduchi. Patana bei kabla hujaweka mguu, na muulize hiyo bei ni kwenda na kurudi au la, na ushuru wa hifadhi ni juu yake au umo ndani, Mtanzania analipa kidogo tofauti na mgeni. Majaketi ya kujiokolea kila mtu, na la mtoto liwe la mtoto, kama hawana la mtoto panda boti nyingine. Kule kuna vibanda vya makuti, samaki wa kuchoma, ila vyakula na maji ya kunywa bebeni ya kwenu kama mnabana bajeti. Bongoyo yenyewe boti zake zinatokea Msasani, ina njia ya kutembea msituni katikati ya mibuyu, lakini kwa familia yako ningechagua Mbudya.

Mtu_wa_Reli:
Bibie kwanini usiwapeleke Morogoro kwa SGR? Treni ya umeme, asubuhi mnaenda mnaiona milima ya Uluguru jioni mko nyumbani. Ilipoanza 2024 nauli ya daraja la kawaida Dar Moro ilitangazwa elfu 13.

Binti_Kimara:
Mkuu elfu 13 mara watu wanne kwenda na kurudi imeshavuka laki, hapo hatujala. Nitaiweka siku moja ya mwisho kaka akichangia. Na natafuta zaidi ya hapa hapa mjini.

Mwl_Pugu:
Basi kama unataka milima bila kuvuka laki, njoo huku kwetu Pugu na Kisarawe. Mnafika Gongo la Mboto mnapanda gari za Kisarawe, mnaanza kupanda vilima na hewa inabadilika hapo hapo, baridi kidogo, miti. Msitu wa Pugu Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya pwani iliyokuwa imefunika ukanda huu wote, kuna miti na wadudu na ndege ambao huwapati popote nje ya ukanda huu. Unatembea chini ya miti mirefu hujui kama jiji lenye mamilioni ya watu liko hapo chini. Kuna bwawa la Minaki ndani ya msitu, kuna njia za kutembea, na wanaotaka kulala na mahema wanaruhusiwa.

Ila mimi ningekuleta kwa ajili ya mapango. Kulikuwa na machimbo ya kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kaure na rangi, na wachimbaji wakaacha mahandaki marefu ndani ya kilima. Wachimbaji wakaondoka, popo wakahamia. Jua likizama wanaanza kutoka, kwanza wachache wachache, halafu kama mtu kafungua bomba, wanatoka na kutoka na kutoka mpaka unajiuliza humo ndani walikuwa wamekaaje. Nimewapeleka wanafunzi wangu pale, wale watundu kabisa ambao darasani huwawezi, wakasimama midomo wazi. Wakauliza maswali ambayo mtaala wote wa sayansi haukuwahi kuwafanya waulize: wanakula nini, wanajuaje njia, wanagongana? Na popo wanaokula wadudu wanamla mbu pia, kwahiyo kila mtu wa Dar anawadai shukrani.

Utaratibu: msiingie kienyeji. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, mnaanzia ofisini kwao, mnapewa namba ya malipo mnalipa kwa simu, mnapewa mtu wa kuwaongoza. Mapangoni bila muongozaji sikubali kabisa, kuna giza, kuna mashimo. Suruali ndefu, tochi, dawa ya mbu, maji. Na kwa kuwa popo ni jioni, usafiri wa kurudi upangeni mapema, muelewane na bajaji au gari la kuwasubiri maana usiku pale msituni hakuna usafiri wa kusimamisha.

Mkipita Pugu yenyewe muwaonyeshe shule ya sekondari Pugu. Mwalimu Nyerere alifundisha pale, na mwaka 1955 akaacha kazi ya ualimu ili aifanye ya TANU. Naipita kila siku na bado nikiiangalia nafsi inatulia.

Bishoo_Sinza:
Mwalimu mapango na mama wa magoti? Sidhani.

Mwl_Pugu:
Ndugu yangu hajaambiwa aingie ndani. Popo wanaonekana kutoka nje ya pango, muongozaji anajua pa kusimama, na kama njia itamshinda anabaki Kisarawe mjini anakunywa chai na wenzie. Lakini mmoja wa hao watoto anaweza kuja kuwa mtaalamu wa wanyama kwa sababu ya jioni moja, tusimnyime.

Dada_Rangi:
Mbona wote mnaongelea mambo ya mbio mbio, bi mkubwa mmemsahau kabisa. Binti sikiliza, hizi ni za kwenda naye na zote ziko karibu na njia yako.

Kwanza Magomeni. Hiyo hiyo mwendokasi ya Kimara mnashuka Magomeni, mnauliza nyumba ya Mwalimu mtaa wa Ifunda. Nyumba ya kawaida kabisa, Mwalimu aliishi pale na familia yake miaka ya harakati za uhuru, sasa ni makumbusho, vyombo vyao vya ndani vipo, vitu vya matumizi ya kila siku. Bi mkubwa wako akiingia atakuwa ndo muongozaji, nakwambia, atamuonyesha mjukuu hiki tulikuwa nacho, hiki kinatumika hivi. Majirani wa mtaa ule wenyewe wengine hawajawahi kuingia.

Pili Kijiji cha Makumbusho, jirani na stendi ya Makumbusho. Wengi wetu stendi tunaijua, kijiji chenyewe hatukijui, na kipo toka miaka ya 60. Nyumba za asili za makabila zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, unaingia ndani ya msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, nyumba za Wachaga, Wahehe, Wazaramo. Pametandazika, pana miti, hakuna ngazi. Wikiendi mchana huwa kuna ngoma, mtoto anaruhusiwa kuingia kucheza na mtu mzima pia.

Tatu ni kwa huyo binti wa miaka 13, na hii naiandika kwa moyo wote kwasababu mimi ndo nilikuwa binti wa hivyo. Mpeleke Tingatinga, Morogoro Stores pale Oysterbay. Mafundi wamekaa chini wanachora, chui, ndege, vijiji, rangi zinawaka, unaweza kumsogelea fundi ukamuuliza unaanzaje na akakuonyesha. Sasa nisikilize: Edward Saidi Tingatinga, mwenyewe aliyeanzisha, alikuwa mtu wa Tunduru. Mkoa wa Ruvuma, huko huko kwao! Alikuja Dar kutafuta maisha, 1968 hivi akaanza kuchora kwenye vipande vya mbao za dari kwa rangi za kupakia baiskeli kwa sababu ndo zilizokuwepo. Akafariki 1972, miaka minne tu ya kazi, na leo ukisema picha za Tanzania popote duniani mtu anaziwaza hizo. Mtoto wa Songea akilijua hilo akiwa na miaka 13 hawezi kurudi kwao vilevile alivyokuja. Sio lazima mnunue picha kubwa, kuna vidogo vidogo vya elfu chache, na msinunue siku hiyo kwa haraka, zungukeni kwanza.

Akionyesha kupenda, wiki inayofuata Nafasi Art Space, Mikocheni B kule viwandani. Ni makontena yamegeuzwa studio, wasanii wapo ndani wanafanya kazi, kuna maonyesho, na siku nyingine muziki na warsha za watoto. Angalieni ratiba yao kabla ya kwenda.

Jirani_wa_Chuo:
Na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwani mmepasahau? Toka Kimara ni pua na mdomo. Chuo kilihamia kilimani pale 1964, miti imekuwa mikubwa, hewa safi, tumbili wanaruka juu ya mapaa, shikeni vizuri ndizi zenu. Kama una ile noti ya zamani ya mia tano yenye Karume, ipeleke, mgeuzie mtoto nyuma halafu asimame mbele ya Ukumbi wa Nkrumah alinganishe. Bure kabisa hiyo.

Halafu kuna makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, barabara ya Ali Hassan Mwinyi, gari zinapita kila dakika na geti liko wazi hakuna anayeingia. Nyasi zimekatwa, maua, mawe yamepangwa kwa mistari, askari wa vita ya kwanza ya dunia waliohamishiwa hapo 1968 kutoka Ocean Road barabara ilipokuwa inajengwa. Bi mkubwa atapata kiti cha kupumzika, na ni pazuri kwa mtu anayetaka nusu saa ya utulivu katikati ya jiji hili.

Mzee_wa_Kivukoni:
Nimerudi kama nilivyoahidi. Siku ya Makumbusho ya Taifa: mshuke Posta ya Zamani, mpite kwanza kwenye Sanamu ya Askari pale Samora na Azikiwe. Iko hapo toka 1927, maandishi yake ni kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, mwambie binti asome Kiswahili kwa sauti. Ni ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa ile vita aliyoisema Jirani. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamemuweka gavana wao Wissmann hapo, Waingereza walipouchukua mji wakamng'oa.

Makumbusho iko mtaa wa Shaaban Robert. Kuna habari za Zinjanthropus, yule zamadamu wa Olduvai ambaye fuvu lake liligunduliwa na Mary Leakey 1959, na kuna magari ya zamani ya viongozi, hapo wa kiume mtakaa naye muda. Mkitoka mnavuka tu kuingia Bustani ya Mimea, ilianzishwa na Wajerumani 1893 kujaribu mimea ya biashara, ni bustani ndogo ila miti yake ni mikongwe na tausi wanatembea wenyewe. Mkalie hapo na vitumbua vyenu.

Njaa ikizidi nendeni Kisutu kwenye migahawa ya chai ya Wahindi wetu, mix, kachori, bajia za kunde, chai ya maziwa yenye tangawizi. Bei ya kawaida na vinajaza tumbo.

Binti_Kimara:
Wakuu sijui niseme nini. Nimeshaandika kwenye daftari: wiki ya kwanza Magomeni na Kijiji cha Makumbusho ili bi mkubwa apumzike na safari, halafu Jumamosi ya Feri, Boma na pantoni, halafu Tingatinga, halafu Kunduchi, na Pugu mwishoni kaka akiwepo twende na mwanaume mmoja zaidi. Binti nimempigia simu nimemwambia habari ya Tunduru, akanyamaza kidogo, akauliza kama ataruhusiwa kushika brashi.

Nahodha hiyo Jumamosi ya Feri nikiangalia kalenda mwezi utakuwa umeandama juzi yake. Sasa tukivuka Mjimwema mchana watoto wataoga au tutakuta maji yameondoka?

Nahodha_Mtongani:
Hapo utakuwa kwenye bamvua yenyewe, na ratiba ya mzee inakubeba vizuri sana. Asubuhi mkiwa Feri na Boma maji yatakuwa yanatoka, saa nne hivi yametoka kabisa, hamkosi kitu. Vukeni saa saba, kuleni, watoto wachezee mchanga kwanza. Kuanzia saa nane na nusu maji yatakuwa yamesogea ya kutosha kuoga, na saa kumi yatakuwa yamejaa, hapo huyo mdogo mtoe nje abaki na bibi yake wachimbe mchanga. Jua likipungua muwe mmeshaanza kurudi. Nguo za kubadili wawekee kwenye mfuko wa plastiki ufunge, kwenye pantoni kuna rasharasha.

Dada_Rangi:
Brashi ataruhusiwa. Mwambie aulize kwa adabu, asalimie kwanza shikamoo, akae chini pembeni ya fundi. Watampa na kipande cha mbao.